Wakuu, walipimaje kina cha bahari ya Titan bila kuweka kitu majini?

BotiYaIgombe
Jumatano, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mi ni mtu wa boti, tunabeba samaki na dagaa kutoka visiwani kuja Mwaloni, kazi hii naingia mwaka wa kumi na moja. Tajiri wetu alifunga ile mashine ya kupima kina, ile yenye kioo kidogo mbele ya nahodha inachora chini ya ziwa na samaki wanatokea kama vijiupinde, na kwa ghuba yetu ya Mwanza ilivyojaa mawe hii mashine ndo macho yetu usiku, maana yapo mawe yamesimama nje kila mtu anayaona na yapo mengine yamelala nusu mita tu chini ya maji, ukilipanda hilo boti imepasuka.

Sasa binti yangu yuko kidato cha tatu, juzi kasoma mahali kwamba kuna chombo cha anga kinaitwa Cassini kilipita karibu na Titan, ule mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, kikapima kina cha bahari ya huko wakapata mita 160. Akaja kuniuliza, baba si nyie mnapima kina kila siku, sasa hawa walipimaje na chombo kilikuwa kinapita juu huko karibu kilometa elfu moja na hakijagusa hata tone?

Nikakosa cha kumjibu na imenikaa kichwani siku tatu. Mashine yetu naijua ilivyo. Kuna kile kichwa cheusi, ukubwa wa ngumi hivi, kimefungwa nyuma ya boti kwa chini na lazima kizame. Mwaka jana tulipandisha boti mchangani kuziba nyufa, nikawasha mashine nione kama bado nzima, ikaleta vistari tu hakuna namba. Hata mkiwa majini, ukirudi nyuma kwa nguvu povu la injini likapita chini ya kile kichwa basi namba zinapotea. Kama povu la unene wa kidole linaizima mashine, itakuwaje kilometa elfu moja ambazo binti anasema sehemu kubwa hazina hata hewa?

Naomba mwenye kujua anieleweshe taratibu, walipima kweli au ni makadirio? Sitaki kumwambia mtoto uongo, na sitaki nimwambie ni uongo kumbe ni kweli.

KirumbaJuu
Jumatano, saa 2:31 usiku

Mzee mi naona ni makadirio hayo. Wana kompyuta kubwa, wanaingiza mahesabu inatoka picha, basi tunaambiwa wamepima. Mi navua toka nina miaka kumi na mbili, kina unapima kwa jiwe na kamba au kwa mashine yenye kichwa majini, njia ya tatu sijaiona. Wangekuwa wanataka kupima kweli si wangetumbukiza kitu?

Mwl_wa_Fizikia_Nyegezi
Jumatano, saa 3:48 usiku

Mzee wa boti shikamoo. Nimesoma swali lako mara mbili, na hicho ulichokiona pale mchangani ndo nusu ya jibu kwa hiyo ngoja nianzie hapohapo.

Mashine yako inapiga sauti. Masikio yetu hayaisikii kwa sababu iko juu mno lakini ni sauti, kile kichwa kinatetemeka, mtetemo unaingia majini, unashuka mpaka chini, unagonga mchanga au jiwe unarudi, mashine inahesabu muda. Kwenye maji sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Kukiwa na kina cha mita 30 sauti inasafiri 60 kwenda na kurudi, hiyo ni sekunde 0.04, mashine inagawanya inakupa namba. Sauti haipendi kutoka kwenye maji kuingia kwenye hewa, karibu yote inageuzwa pale mpakani, ndo maana povu linakuua. Na angani kusiko na hewa sauti haiendi kabisa. Kwa hiyo uko sahihi kabisa, mashine ya aina yako isingepima kitu ikiwa kilometa elfu moja juu.

Ila Cassini haikupiga sauti. Ilipiga mawimbi ya redio. Wimbi la redio halihitaji kitu cha kupitia, angani linakwenda vizuri kuliko popote, kilometa 300,000 kila sekunde. Chombo kilikuwa na sahani ya mita 4, ileile kiliyotumia kuongea na Dunia, wakaigeuza iangalie chini ikawa rada.

Sasa skiliza hapa. Tarehe 23 Mei 2013 Cassini ilipita juu ya Titan, mwendo wa kama kilometa 6 kwa sekunde, na njia yake ikakatiza bahari inaitwa Ligeia Mare. Hiyo bahari ina kama kilometa za mraba 126,000, karibu mara mbili ya ziwa letu. Kilichomo sio maji, kule ni baridi nyuzi 179 chini ya sifuri, maji yamekuwa jiwe kabisa. Kinachojaa kule ni methani, hii gesi inayowaka, kwa baridi ile imekuwa kimiminika, na inanyesha mvua na kutengeneza mito kama maji kwetu.

Rada ikapiga chini. Mwangwi wa kwanza ukarudi kutoka kwenye uso wa bahari, mkali sana, kwa sababu uso ulikuwa umetulia kama ziwa letu lile la alfajiri kabla upepo haujaamka. Afu nyuma yake kidogo, wimbi lilelile likiwa limezama kwenye methani likafika chini likagonga sakafu likarudi, mwangwi wa pili, dhaifu. Kuutenganisha huo dhaifu na ule mkali haikuwa kazi ndogo, kuna watafiti Waitaliano waliokaa na zile data wakazichuja na matokeo yakachapishwa 2014. Ndani ya methani wimbi linapunguza mwendo kidogo, linakuwa kama kilometa 230,000 kwa sekunde, kwa hiyo mita 160 kwenda na kurudi ni kama sehemu moja na nukta nne ya milioni ya sekunde. Hiyo ndo tofauti waliyoipima kati ya mwangwi na mwangwi. Mita 160 ni pale penye kina kuliko kote kwenye ule mstari waliopita. Ziwa letu pale lenye kina zaidi ni kama mita 80, kwa hiyo ni mara mbili.

Kwa hiyo mwambie binti walipima kweli. Na KirumbaJuu ndugu yangu, hii ndo njia ya tatu.

BotiYaIgombe
Jumatano, saa 4:15 usiku

Marahaba mwalimu, wabeja sana. Hapo kwenye mwangwi mbili nimeelewa kabisa, hata kioo chetu ukiwa kwenye kina kidogo kuna wakati kinaleta mstari wa pili chini ya ule wa kweli, nahodha ananiambia usiuangalie huo ni mwangwi umerudi mara mbili.

Sasa nimepata swali jingine. Kama redio inaweza kupita kimiminika cha mita 160 kutokea kilometa elfu moja, kwa nini sisi huku tunahangaika na kichwa majini? Si setilaiti zingekuwa zinapita juu ya Ziwa Viktoria zinatupimia kina chote mpaka mawe yote yajulikane?

Fundi_Redio_Buzuruga
Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Hili niachieni mimi, redio na maikrowevu ndo chakula changu cha kila siku.

Mzee, umeshaona maikrowevu inavyopasha chakula? Weka ndani yake kikombe kikavu cha kauri kizuri, dakika moja unakitoa hakijachemka. Weka maji, dakika moja yanatokota. Sababu ni kwamba chembe ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, wimbi la redio likipita linaizungusha huku na huku, chembe zinagongana, nguvu ya wimbi yote inaishia kuwa joto. Wimbi linakufa palepale. Rada ya aina ya Cassini, wimbi lake urefu ni kama sentimita mbili, ukiipiga kwenye Ziwa Viktoria inaingia milimita chache tu basi imekwisha. Inarudi ile iliyogonga uso peke yake.

Methani sasa. Chembe yake ina kaboni katikati na haidrojeni nne zimeizunguka sawasawa kila upande, haina upande wa chanya wala wa hasi, wimbi likipita halina cha kushika. Linapita kama mwanga kwenye kioo safi. Kwa hiyo sio kwamba wazungu wana mashine ya ajabu kuliko yetu, ni kwamba bahari ya kule imekubali redio na ziwa letu limekataa, ndo maana sisi tunatumia sauti. Unachagua wimbi kulingana na kitu kinachotaka kupitwa, mi hii kazi naifanya kila siku na bado hapo huwa nasimama nashangaa.

Na kuna zaidi. Kwa kuangalia mwangwi wa pili ulipungua nguvu kiasi gani kadri kina kinavyoongezeka, waliweza kujua kile kimiminika chenyewe ni nini, maana ethani inakula wimbi zaidi kuliko methani. Ligeia wakakuta ni methani kwa sehemu kubwa. Agosti 2014 wakapita juu ya bahari kubwa zaidi inaitwa Kraken Mare, kwenye ghuba yake moja wakapata kama mita 85, lakini pale katikati mwangwi wa pili haukurudi kabisa.

Setilaiti kupima ziwa letu zinapima, ila uso tu. Toka ile TOPEX/Poseidon iliyorushwa 1992 rada zinapita zinapima uso wa ziwa umepanda au umeshuka, na kile kipindi cha 2020 maji yalipopanda yakaingia kwenye majumba ya watu huku ufukweni ilionekana kutokea juu vizuri tu. Mawe ya chini hayaonekani, hayo mzee utaendelea kuyatafuta na kile kichwa chako.

Ngoja nimalizie na barafu maana ndo ninayoipenda. Maji yakiganda chembe zinashikwa haziwezi kuzunguka tena, kwa hiyo redio ya masafa ya chini inapita kwenye barafu vizuri, hata kule Antaktika wanapima barafu ya kilometa tatu na zaidi kwa rada kutoka kwenye ndege. Ndo maana vyombo viwili viko njiani sasa hivi kwenda kwenye miezi ya Mshtarii ambayo juu ni barafu na chini yake kuna bahari ya maji. Europa Clipper ya Wamarekani iliondoka 14 Oktoba 2024, inafika 2030. JUICE ya Ulaya iliondoka 14 Aprili 2023, inafika 2031. Vyote vina rada ya kupenya barafu. Ya JUICE inatumia megahezi 9, wimbi lake ni kama mita 33, na mafundi wenzangu mtajua antena nzuri ni nusu ya wimbi, kwa hiyo antena yake ni mita 16, ndefu kuliko basi. Hiyo huwezi kuirusha ikiwa imenyooka, wakaikunja.

Kufika angani ikafunguka theluthi tu ikakwama. Wakaona kwenye kamera ya chombo, kipande kimoja kimegoma, wakahisi ni kipini kidogo kimebana. Fikiria, hapa mimi kipini kikibana napiga nyundo kidogo na tone la oili, kule hakuna mkono. Wakageuza chombo ule upande uangalie jua upate joto, wakakitikisa kwa kuwasha vijiinjini vyake, inasogea milimita inarudi, wiki na wiki. Tarehe 12 Mei wakafyatua kifaa kimoja kwenye ile bano, mshtuko wake ukasukuma kipini, antena ikanyooka. Ile habari niliisoma nikiwa dukani na redio ya mteja mkononi, niliiweka chini kwanza.

Dada_wa_Geita
Alhamisi, saa 5:05 asubuhi

Nimefurahi kukuta mada hii. Mi nanunua dhahabu, nipo soko la madini Geita, na nataka kuongeza kitu kwa ajili ya huyo binti maana atauliza tu, kina sawa walipima kwa mwangwi, je wanajuaje jiwe la huko limetengenezwa na nini?

Sisi tuna bunduki ya eksirei. Mchimbaji analeta kipande, unaikandamiza mdomo wake pale juu ya dhahabu, unavuta kitufe, sekunde chache kioo kinaandika dhahabu 88, fedha 9, shaba na vinginevyo. Haiungui, haiyeyushi, haina tindikali. Inachofanya inapiga eksirei, zinagonga elektroni za ndani kabisa za atomi zilizo pale juu ya kile kipande, na kila elementi inarudisha eksirei yake yenyewe yenye nguvu yake, dhahabu ina yake, chuma kina chake, haziigani. Ni kama sauti ya mtu, ukimsikia nje ya mlango unajua ni nani kabla hajaingia.

Roboti ya Curiosity iliyoshuka Mirihi Agosti 2012 imebeba kifaa kinachofanya kazi hiyohiyo kwenye ncha ya mkono wake. Tofauti ni kwamba yangu inatengeneza eksirei kwa umeme, yao ya Curiosity inatumia kipande cha madini ya mionzi, kuriamu, ambayo inatoa mionzi yenyewe usiku na mchana bila kula betri. Ile nyingine, Perseverance, iliyoshuka Februari 2021, yake inatengeneza eksirei kwa umeme kama hii ya kwangu ila inapima kadoa kadogo sana, inachora ramani ya jiwe punje kwa punje. Na zote mbili zina leza kichwani, Curiosity inapiga jiwe lililo mpaka mita 7 mbele, pale leza inapogonga jiwe linakuwa mvuke unaowaka wanasoma rangi za ule mwako. Hata kusogea haijasogea.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui na sisi kinatugharimu, eksirei inasoma ngozi tu. Haiingii ndani. Mtu akikuletea kitu cha ndani shaba kimepakwa dhahabu nene, mashine itakwambia dhahabu safi, na mimi mwaka wangu wa kwanza nilinunua kimoja, nililala siku mbili bila kula. Toka siku ile kila kipande nakipiga tupa kwanza kona moja afu ndo napima pale palipokwanguliwa. Siku niliyosoma kwamba Curiosity ina brashi ya chuma ya kufuta vumbi kwenye jiwe na drili ya kuchimba ndani nilielewa sekunde hiyohiyo ni ya nini. Mirihi yote imepakwa vumbi jekundu, ukipima bila kukwangua unapima vumbi tu, kila jiwe litakuwa sawa na jirani yake.

KirumbaJuu
Alhamisi, saa 7:20 mchana

Nimesoma yote na nakubali, hapo kwenye methani na maji fundi amenifungua. Lakini swali langu la jana liko palepale jamani, kwa nini wasitumbukize? Mtu asafiri njia ndefu vile afu apime kwa juujuu?

Mwl_wa_Fizikia_Nyegezi
Alhamisi, saa 10:12 jioni

Ndugu yangu, walijaribu. Na hili mzee wa boti atalipenda.

Cassini ilipoondoka 1997 ilibeba mgongoni chombo kidogo kinaitwa Huygens, cha kushuka Titan kwa mwavuli. Wakati wanakitengeneza hakuna mtu aliyejua chini kuna nini, Titan imefunikwa na ukungu mzito wa rangi ya machungwa, kamera za kawaida hazioni kitu. Inaweza kuwa nchi kavu, inaweza kuwa bahari. Sasa wakajiuliza, kikitua baharini je? Wakakiwekea mashine ya kupima kina kwa sauti. Ileile mzee, inapiga sauti chini inasubiri mwangwi. Ilisafiri miaka saba na zaidi ikiwa imezimwa.

Tarehe 14 Januari 2005 Huygens ikashuka, safari ya mwavuli ikachukua kama saa mbili na nusu, ikatua. Pakawa nchi kavu. Udongo wenye unyevunyevu na vijiwe vya mviringo vya barafu, vimelainika vile kokoto za mtoni zinavyolainika, mashine ya sauti haikupata bahari ya kupima. Lakini kile chombo kiliendelea kuongea kikiwa pale chini zaidi ya saa nzima mpaka Cassini iliyokuwa inapokea ikazama upeoni.

Na hapo kuna jambo la kuuma. Huygens ilikuwa na njia mbili za kutuma, na kwenye Cassini amri ya kuwasha kipokeaji cha njia moja ilisahaulika. Chombo kikatuma, upande wa pili hakuna anayepokea. Picha kama 350 zikapotea, nusu ya zote. Kipimo cha upepo kilikuwa kimewekwa kwenye njia hiyohiyo, waliokifanyia kazi miaka yote wakaona kimekwenda na maji. Kilichowaokoa ni darubini kubwa za redio hapa duniani, Green Bank kule Marekani na Parkes kule Australia, zilikuwa zimetegeshwa zisikilize moja kwa moja, zikaidaka ile sauti dhaifu kutoka umbali wa zaidi ya kilometa bilioni moja, na kwa jinsi mlio wake ulivyokuwa unapanda na kushuka, kama honi ya gari linavyokupita, wakajua chombo kinapeperushwa kwa kasi gani. Upepo ukapatikana. Picha hazikupatikana tena.

Kwa hiyo kutumbukiza kitu ni bahati, unapata sehemu moja tu. Kupima kwa juu unakata bahari nzima mstari mrefu kwa dakika chache.

Kisumu_Dunga
Alhamisi, saa 1:30 usiku

Salamu kutoka upande huu wa ziwa. Huyo dada wa Geita amenikumbusha kitu, setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei angani ilirushwa hapa kwetu Kenya, kutoka ile jukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku ya uhuru wa Kenya, kwa hivyo wakaiita Uhuru. Haikuwa ya sayari, ilikuwa inatafuta nyota na vitu vya mbali, lakini jina ni la Kiswahili na mpaka leo wataalamu wakiandika kuhusu hizo nyota wanataja Uhuru. Binti ajue hilo pia. Hawa watu walikuja kurushia hapa kwa sababu ukiwa karibu na ikweta mzunguko wa Dunia unakusukuma bure.

BotiYaIgombe
Jumapili, saa 11:50 jioni

Wakuu nimerudi, naomba niwape mrejesho.

Nilimsomea binti kila kitu, ya Huygens nilimsomea mara mbili, zile picha zilizopotea zilimuuma sana. Akasema baba, kabla hatujaamini ya Titan tuhakikishe ya kwako kwanza. Leo hatukuwa na safari nikamchukua tukatoka na boti mpaka nje kidogo ya mwalo, maji yametulia, tukazima injini. Nikafunga jiwe kwenye kamba mpya ya manila, yeye alikuwa ameshaipima nyumbani kwa rula na kufunga uzi mwekundu kila mita, na kila sentimita 20 uzi mweupe. Tukashusha jiwe. Ukifika chini unasikia mkononi kamba inalegea, nikamwambia ivute kidogo mpaka isimame wima afu usome pale inapoingia majini. Akasoma mita 14 na sentimita 60. Mashine inasema 14.2.

Tukarudia. Jiwe 14.6, mashine 14.2. Tukasogea pengine, jiwe mita 9 kamili, mashine 8.6. Mimi nikasema mashine imezeeka. Yeye akakaa kimya anaangalia kioo, afu akainama nyuma ya boti akaingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akapima na ile kamba kutoka uso wa maji mpaka kwenye kile kichwa. Sentimita 40. Akanigeukia akasema baba mashine haijakosea, inapima kuanzia pale ilipo yenyewe, haijui kwamba juu yake kuna maji mengine.

Miaka kumi na moja nimeangalia ile namba mimi.

Sasa ana swali nimeahidi nitalileta hapa. Anasema kama sisi sentimita 40 za kichwa zinatuvuruga, Cassini iko kilometa elfu moja juu na inakimbia, walijuaje iko juu kiasi gani mpaka wapate mita 160? Wakikosea urefu wao kwa mita hamsini tu si kina chote kinaharibika?

Mwl_wa_Fizikia_Nyegezi
Jumapili, saa 2:05 usiku

Mzee, mpe hongera zake kwanza. Hilo swali ningelipata darasani ningefunga kitabu tuongee hilo tu.

Jibu liko kwenye zile mwangwi mbili. Mashine yenu inapata mwangwi mmoja wa chini, kwa hiyo lazima ijue yenyewe iko wapi. Cassini ilipata wa uso na wa chini kwa pigo moja. Njia yote kutoka kwenye chombo mpaka kwenye uso wa bahari ni ileile kwa wote wawili, wa kwanza kaipita na wa pili kaipita. Ukitoa mmoja kwa mwingine ile njia inajifuta, iwe kilometa elfu moja au elfu mbili, inabaki safari ya ndani ya methani peke yake. Wangekosea urefu wa chombo kwa mita hamsini, kina kingebaki kilekile.

BotiYaIgombe
Jumapili, saa 2:40 usiku

Nimemsomea sasa hivi. Hajasema kitu, kachukua daftari anachora mistari miwili. Mchana kabla hatujashuka alikuwa ameomba rangi iliyobaki kwenye kopo, kaandika pembeni ya kioo cha mashine, kwa nyekundu: ongeza sentimita 40. Tajiri alipita kukagua boti akaliona, akauliza nani kaandika, nikamweleza. Kasema libaki.